Uzi wa Bitiruti: Namna ya Kufanya Mradi wa Vifaa Tiba Ukiwa Bado Sekondari

Kama unatamani kufanya mradi wa uhandisi wa vifaa tiba na maabara ya shule yenu ina bika chache na kabati moja la kemikali, anza kwa kumfahamu Dasia Taylor. Mwaka 2021 msichana huyu wa West High School, mjini Iowa City, Marekani, alikuwa miongoni mwa wanafunzi 40 walioingia fainali ya Regeneron Science Talent Search, mashindano ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanza mwaka 1942. Alichowaonyesha majaji ni uzi wa kushonea kidonda uliotiwa rangi ya bitiruti. Kidonda kikiwa salama uzi unabaki mwekundu. pH ikipanda hadi kiwango cha kidonda chenye maambukizi, uzi unageuka zambarau iliyokolea. Fainali ya mwaka ule ilifanyika mtandaoni kwa sababu ya korona, na Dasia akapata tuzo ya Seaborg, ambayo mshindi wake huchaguliwa na wanafainali wenzake.

Bitiruti zinauzwa kwenye masoko ya Kariakoo na Kongowea. Uzi upo kwa kila fundi cherehani. Kwa hiyo mradi wa namna hii unaweza kufanyika Songea, Voi au Bukoba, ukapelekwa kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania au Young Scientists Kenya ukiwa na hoja za kutosha. Kinachotakiwa ni swali dogo, kisha ujasiri wa kulipima mahali ambapo wazo lako linaweza kushindwa. Miradi mingi ya shule hupimwa pale ambapo jibu linajulikana tayari, na majaji hulitambua hilo mapema.

Tatizo ulichukue kwa anayeishi nalo

Dasia alikuwa amesoma habari za nyuzi za hospitali zenye uwezo wa kupitisha umeme, ambazo hupima hali ya kidonda na kupeleka taarifa kwenye simu au kompyuta. Akajiuliza zingewafaa nini watu wasio na simu za namna hiyo wala intaneti ya uhakika, hasa akina mama wa Afrika wanaojifungua kwa upasuaji. Swali hilo lina uzito. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban asilimia 11 ya wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi, na barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Yeye alizisoma takwimu hizo akiwa Iowa. Wewe una shangazi, jirani au dada aliyepitia hali hiyo, na unaweza kwenda kumsikiliza muuguzi anayewahudumia.

Nenda kwa utaratibu. Mwombe mwalimu wako wa sayansi aidhinishe barua, mkuu wa shule aweke muhuri, kisha uipeleke mwenyewe. Iwe fupi, kwa mfano hivi:

*Muuguzi Mfawidhi, Wodi ya Wazazi.*
*YAH: OMBI LA KUULIZA MASWALI KUHUSU VIDONDA VYA UPASUAJI*
*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, ninafanya mradi wa sayansi kuhusu uzi unaobadilika rangi. Ninaomba nusu saa ya muda wako, siku itakayokufaa, nikuulize maswali matatu. Sitaomba kuona mgonjwa wala faili la mgonjwa yeyote.*

Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko zote, kwa kuwa inamwondolea hofu kabla hajaanza kuitafuta sababu ya kukukatalia. Na maswali yenyewe yawe matatu kweli. Mama akiruhusiwa kwenda nyumbani, anaelekezwa aangalie dalili gani? Dalili ipi huchelewa kuonekana? Akiwa nyumbani, nani anasafisha kidonda, na kwa kutumia nini?

Swali la pili linaweza kukupa kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chako. Vitabu vingi hutaja wekundu kuzunguka kidonda miongoni mwa dalili za mwanzo, na wekundu huo hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi. Hapo ndipo uzi unaosema kwa rangi yake wenyewe unapopata maana. Swali la tatu liandike vizuri, tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloweza kuuangusha mradi mzima.

Usikate tamaa ukinyimwa nafasi. Jack Andraka, kijana wa Maryland aliyeshinda tuzo kuu ya maonyesho ya kimataifa ya sayansi ya Intel ISEF mwaka 2012 akiwa na miaka 15, alisimulia kwamba aliwaandikia maprofesa wapatao 200 akiomba nafasi ya maabara, na akakubaliwa na mmoja tu, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kwetu barua ya mkono na kusubiri kwenye benchi la mapokezi hufika mbali kuliko baruapepe.

Swali likatwe hadi lipimike

"Nitatengeneza uzi unaogundua maambukizi" ni ndoto nzuri, ila haipimiki shuleni. Ili kuipima ungehitaji wagonjwa, madaktari, kibali cha maadili na miaka. Likate: je, uzi uliotiwa rangi ya bitiruti unabadilika rangi kwa namna inayoonekana kwa macho ukihamishwa kutoka kwenye kimiminika cha pH 5 kwenda cha pH 9? Hilo linapimika kwa vikombe. Dasia naye alipima kwa vimiminika vyenye pH ya kuigiza kidonda, si kwa wagonjwa.

Sasa likate mara ya pili, na hapa ndipo unapoweza kumzidi mtu aliyekutangulia. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH 5 hivi. Kidonda chenye maambukizi kinaweza kufika 9. Lakini kidonda kibichi, hata kikiwa salama kabisa, kina damu na majimaji ya mwili, na pH ya damu ni 7.4. Mgonjwa wako hatoki 5 kwenda 9 kwa mruko mmoja. Uzi wenye manufaa ni ule unaoweza kutofautisha 7.4 na 9, na kama rangi zake katika viwango hivyo viwili zinafanana, muuguzi hatapata msaada wowote. Weka 7.4 kwenye jaribio lako tangu mwanzo. Ukigundua kwamba uzi hautofautishi, umepata matokeo halali ambayo yanastahili bango lake.

Kwenye meza

Rangi ya bitiruti inatoka kwenye kemikali iitwayo betanini. Tabia zake uzijue kabla hujakwangua bitiruti ya kwanza. Katika pH ya 3 hadi 7 inabaki nyekundu bila matatizo, ikivuka hapo inaelekea zambarau, na pH ikipanda sana, kwenye 11 na zaidi, inavunjika na kuwa njano. Joto na mwanga wa jua huiharibu. Kwa hiyo usichemshe juisi. Menya, kwangua, kamua kwa kitambaa safi, hifadhi kwenye chupa iliyofunikwa karatasi nyeusi, na tumia juisi ya mkamuo mmoja kwa vipande vyote. Ukitumia ya Jumatatu kwa nusu ya nyuzi na ya Alhamisi kwa nusu nyingine, hutajua kama tofauti inatokana na uzi au na juisi.

Chukua nyuzi za aina tatu: pamba tupu, poliesta tupu, na mchanganyiko wa pamba na poliesta. Muulize muuguzi kama hospitali ina pakiti za nyuzi za kushonea zilizopita muda wake wa matumizi na hazijafunguliwa. Ukizipata, una aina ya nne. Dasia alijaribu aina kumi, ukiwemo uzi halisi wa hospitali, akaangalia ipi inashika rangi, ipi inabadilika, na unene wake unalinganaje na wa uzi wa kawaida wa upasuaji. Mchanganyiko wa pamba na poliesta ndio ulioshinda.

Kata vipande vya sentimita 10. Vichemshe kwenye maji matupu dakika 10 ili nta ya kiwandani itoke, vianike kivulini, kisha viloweke kwenye juisi usiku kucha. Asubuhi suuza kwa maji yaliyotiwa siki kidogo hadi maji yatoke bila rangi. Ukishawishika kutumia shabu ili rangi ishike zaidi, kumbuka kwamba shabu yenyewe ina asidi na inaweza kusogeza pH, hivyo ihesabu kama jaribio jingine.

Vimiminika unaweza kuvitengeneza kwa bei ndogo. Cha pH 5: chukua siki, tia baking soda kidogo kidogo, acha mapovu yaishe, pima, ongeza tena mpaka kipimo kisome 5. Hapo umetengeneza bafa halisi, na mwalimu wa kemia atafurahi ukimweleza kwa nini pH haiyumbi ovyo. Cha 7.4: omba bafa ya fosfeti kutoka maabara ya shule au chuo kilicho jirani. Cha pH 9: yeyusha baking soda, ambayo peke yake husoma 8.3 hivi, kisha ongeza magadi chembe kwa chembe. Magadi yana nguvu, ukiyazidisha uzi utakuwa njano na utadhani umekosea kila kitu. Pima pH upya kila mara kabla ya kutumbukiza uzi, kwa sababu kimiminika cha baking soda kikikaa wazi gesi ya kaboni dioksidi inatoka na pH inapanda polepole. Karatasi ya litmasi haitoshi kwa kazi hii, inasema asidi au besi na kunyamaza. Tafuta karatasi za kipimo chenye namba, au kipimo cha pH cha umeme, hata cha kuazima.

Kikombe cha nne kiwe cha maji ya sabuni.

Hili ndilo swali la tatu ulilomuuliza muuguzi. Mama akiwa nyumbani anaoga, na mwingine anasafisha kidonda kwa sabuni ya mche. Sabuni ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Maana yake uzi unaweza kugeuka zambarau kwa sababu ya kuoga tu, na familia ikakodi bodaboda usiku kukimbilia hospitali wakati kidonda ni kizima. Pima: uzi ukigeuka kwa sabuni, je, ukisuuzwa kwa maji safi unarudi kuwa mwekundu? Baada ya muda gani? Kwa maoni yangu kikombe hiki kimoja kinaweza kuufanya mradi wako uwe na thamani kuliko mashine yoyote utakayoongeza, kwa sababu kinamweka mgonjwa halisi kwenye meza yako.

Weka vipande vitano vya kila aina ya uzi kwenye kila kimiminika. Aina tatu kwa vimiminika vinne ni vipande 60. Ongeza vipande visivyotiwa rangi kwenye kila kimiminika, vya kulinganishia, ili usije ukadhani rangi ya magadi ni rangi ya uzi. Angalia baada ya dakika 5, saa 1, saa 24 na saa 72. Muda huo una sababu yake: uzi wa Dasia uligeuka zambarau ndani ya dakika 5, na baada ya siku tatu zambarau ikafifia na kuwa kijivu chepesi. Jaji makini atakuuliza: mama asipotazama kidonda hadi siku ya nne, ataona nini? Uwe na picha ya saa 72 mkononi.

Rangi usiihukumu wewe. Umeutengeneza uzi huo, moyo wako unataka uwe zambarau, na macho yataufuata moyo. Mpe rafiki kazi ya kuandika herufi kwenye vikombe bila kukuambia ipi ni ipi, na mwingine asiyejua lolote kuhusu mradi aseme anaona rangi gani. Piga picha ndani ya boksi lililofunikwa, taa ileile, simu ileile, na karatasi nyeupe pembeni ya uzi katika kila picha. Ziko programu za simu zinazosoma rangi ya picha kwa namba za nyekundu, kijani na bluu. Namba hizo ndizo zitakazoingia kwenye grafu yako.

Mwisho wa kazi ya mezani, pima nguvu. Uzi wa kushonea kidonda unashikilia nyama, na ukikatika yaliyobaki hayana maana. Funga uzi kwenye msumari, ning'iniza chupa tupu, mimina maji taratibu hadi uzi ukatike, kisha pima uzito wa chupa na maji yake. Kila kilo 1 ni nguvu ya njutoni 9.8. Fanya kwa uzi uliotiwa rangi na usiotiwa. Hili ni somo la fizikia ya kidato cha kwanza, na linakutofautisha na mwanafunzi anayeangalia rangi peke yake.

Mipaka usiyoivuka

Usiguse kidonda cha mtu. Usichukue usaha, damu wala bandeji iliyotumika, hata ukipewa kwa nia njema. Usioteshe bakteria nyumbani: kanuni za maonyesho ya kimataifa ya ISEF zinakataza kabisa jambo hilo, na mradi wowote unaohusu watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vijidudu vinavyoweza kudhuru unatakiwa upitiwe na kamati kabla haujaanza. Utafiti wa afya unaohusisha watu Tanzania hupitia taratibu za maadili zinazosimamiwa na NIMR, na Kenya vibali vya utafiti hutolewa na NACOSTI. Kwa mradi wa vikombe na nyuzi mwalimu msimamizi anatosha. Vaa miwani ya maabara unaposhika magadi na vimiminika vya pH ya juu.

Kaunta buku

Nunua kaunta buku moja, andika namba kwenye kila ukurasa kabla ya kuanza, tumia kalamu ya wino, na ukikosea piga mstari mmoja ili maandishi ya zamani yasomeke. Ukurasa wa siku moja unaweza kuonekana hivi: tarehe na saa, nani alikuwepo, joto la chumba, pH ya kila kikombe kabla ya kuanza, kipande namba ngapi kimetoka wapi, ulichokiona, na mstari wa mwisho wa jambo lililokushangaza. Mstari huo usiuache. Kama vipande vitatu vya pamba viligeuka haraka na viwili vikachelewa, andika hivyo siku ileile, kabla hujajipa sababu. Matokeo yaliyokwenda kombo yabaki kwenye jedwali pamoja na mengine. Majaji wanapenda kufungua kaunta buku katikati, mahali ambapo hukupatarajia.

Mbele ya majaji

Utakuwa na dakika chache. Anza na mgonjwa, nenda kwenye swali lako, onyesha uzi ukibadilika mbele yao (kikombe cha pH 9 kiwe tayari, dakika 5 zitatosha huku ukieleza), kisha grafu moja, halafu mipaka ya kazi yako.

Mipaka hiyo itaje wewe mwenyewe kabla hujaulizwa. Uzi wa pamba unanyonya majimaji, na nyuzi zilizosokotwa au kusukwa zina nafasi ndogondogo ambamo bakteria wanaweza kujificha na kusafiri, tofauti na uzi wa mstari mmoja laini. Juisi ya bitiruti ina sukari. Hujapima kama rangi inavumilia njia za hospitali za kuua vijidudu, na ukikumbuka joto linavyoiharibu betanini, hilo ni tatizo la kweli. pH ya kidonda inaweza kupanda bila maambukizi. Mwanafunzi anayeyasema haya kwa utulivu anaonekana anaijua kazi yake.

Madai makubwa yana gharama. Kipimo cha karatasi ambacho Jack Andraka alishinda nacho, kilichokusudiwa kutambua kwenye damu mesothelini, protini inayohusishwa na saratani ya kongosho, kilitangazwa duniani kote kuwa cha bei ndogo mno na cha haraka mno kuliko vilivyopo. Baadaye wanasayansi walihoji ulinganisho huo na kukumbusha kwamba matokeo hayakuwa yamepitiwa na wataalamu wengine katika jarida. Kijana alikuwa na kipaji cha kweli, na bado akajikuta anatetea vichwa vya habari ambavyo vingine hakuviandika yeye. Ukihojiwa na redio ya mkoa, sema: "Nimepima nyuzi tatu kwenye vimiminika vinne." Usikubali mtangazaji aseme umepata tiba. Msahihishe papo hapo, kwa heshima.

Jambo la mwisho lifanye kabla ya maonyesho. Kama unadhani wazo lako ni jipya na ungependa kulilinda kwa hataza, waulize BRELA ukiwa Tanzania Bara au KIPI ukiwa Kenya, mwalimu au mzazi akiwa pamoja nawe, kwa sababu katika nchi nyingi uvumbuzi ukishaonyeshwa hadharani unaweza kupoteza sifa ya kuitwa mpya. Kisha, upate tuzo au usipate, chapa kurasa mbili za matokeo kwa lugha ya kawaida na umpelekee yule muuguzi wa wodi ya wazazi. Mwulize angebadilisha nini. Atakachokuambia kiandike kwenye ukurasa unaofuata wa kaunta buku, uweke na tarehe.